Dhambi Niliyomchagulia Kaka Yangu

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua imekatika muda si mrefu, matope yamejaa mlangoni kwangu pale Kimandolu, na sebuleni tulikuwa wanawake saba tunasali. Kaka yangu Elisaria alifika amevaa shati lake la kufundishia, ameshika jani la isale mkononi. Nitakuambia nilimfanyia nini siku ile. Lakini kwanza lazima umjue yeye, maana usipomjua utadhani nilikuwa na haki, na sikuwa nayo.

Asili yetu ni Machame. Baba alihama akiwa kijana, akapata kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba, upande huu wa Mlima Meru, akapanda migomba na kahawa, na huko tukazaliwa sisi wawili. Elisaria alinitangulia kwa miaka tisa. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo kaka yangu ndiye alikuwa baba yangu. Alipopangiwa kufundisha fizikia katika sekondari moja hapa mjini, alinichukua nikaishi naye Kijenge, akanipeleka kwa fundi mmoja wa Ngarenaro nikajifunza kushona. Cherehani yangu ya kwanza alinibebea yeye mwenyewe begani, kutoka stendi mpaka nyumbani, kwa sababu hakumwamini mwenye mkokoteni. Nilipoolewa, ndiye aliyenishika mkono kuingia kanisani, na wakati huo alikuwa bado anasali kama sisi wote.

Sijui aliacha lini. Nilijua tu pale jirani aliponiuliza mbona mwalimu haonekani ibadani. Nikamwendea nikiwa nimejiandaa kusikia jambo zito, labda amegombana na mchungaji, labda mwanamke, labda ameingia dini nyingine. Nilimkuta anasahihisha madaftari.

"Hakuna kilichotokea, Ndeshi," aliniambia. Ndeshi ndilo jina langu la nyumbani. "Nilikuwa nasema Imani ya Mitume pamoja na watu, nikagundua kwamba nasema maneno tu. Nikajisikiliza wiki ya pili, na ya tatu. Nikaona siyo vizuri kusimama mbele za watu na kusema ninaamini kitu ambacho siamini."

Nikamwuliza, sasa anaamini nini. Akasema anaamini kwamba madaftari yale yatamaliza jioni yake yote. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu wa kubishana. Jumuiya ilipofika zamu ya kusali nyumbani kwa mama, kaka alipanda kule juu tangu asubuhi, akapanga mabenchi, akamenya ndizi, akachota maji, kisha watu walipoanza kuimba akatoka taratibu akakaa jikoni na sufuria zake. Mchungaji alimsalimia, naye akamjibu vizuri. Wazee walimwita mwalimu kama kawaida. Wenye shida naye walikuwa wachache, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Nikueleze na upande wangu, usije ukadhani nilizaliwa mbaya. Mwaka ule nilikuwa nimeokoka, na nilikuwa nimeokoka kwa kelele. Nilitoa hereni, nikachoma kanga mbili zenye maandishi niliyoona hayafai, nikamsumbua mume wangu mpaka akaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Wateja wangu walikuja kupimwa magauni wakaondoka wamehubiriwa. Nilikuwa na furaha ya kweli moyoni, sikatai, na mpaka leo naamini Mungu alinigusa. Ila nilichukua furaha ile nikaigeuza kuwa rungu.

Kisha mama akaugua. Macho yalikwenda kwanza, halafu miguu, halafu ikawa ni kitanda tu. Mimi nilikuwa na watoto wadogo na cherehani, nikapanda mlimani siku nilizoweza. Kaka aliomba ruhusa, akahamia kule. Alimwogesha mama. Alimlisha. Na kila siku saa kumi alasiri alichukua Biblia ya mama, ile ya herufi kubwa, akamsomea. Siku moja nilifika nikamkuta anamsomea Zaburi, sauti yake ya darasani, polepole, bila kuruka hata mstari. Nilisimama mlangoni nikasikiliza. Alipomaliza nikamwambia mama mbele yake kwamba ni ajabu mtu asiyeamini kusoma Neno. Mama alikuwa amefumba macho. Akasema, "Mwache asome. Mimi ndiye ninayeamini."

Mwanangu, mama yangu hakuwahi kusoma zaidi ya darasa la nne, na aliliona jambo ambalo mimi lilinichukua nusu ya maisha yangu kuliona.

Alifariki mwezi wa tano. Tulimzika kihambani, kati ya migomba, watu wengi, mvua ya manyunyu. Mimi siku ile sikuwa mtu. Kilichonishikilia nisianguke kilikuwa kitu kimoja tu: kwamba mama yuko mahali, macho yake yanaona, miguu yake inatembea, na nitamkuta. Nililirudia neno hilo kichwani tangu asubuhi. Basi ukafika wakati wa mzaliwa wa kwanza kusema machache. Elisaria akasimama kando ya kaburi. Alikuwa hajalala siku nyingi, macho mekundu. Akashukuru watu. Akamweleza mama vizuri, mpaka wengine wakalia. Kisha akasema hivi:

"Tangu jana mnaniambia Mama amekwenda mahali pazuri. Nawashukuru. Lakini mimi sipajui mahali hapo, na siwezi kusema uongo mbele ya mama yangu. Ninachojua ni kwamba hayupo tena na hatutamwona."

Nilihisi kama mtu amenipokonya mtoto mgongoni. Nikasimama, sijui hata nilisimamaje, nikapaza sauti mbele ya mchungaji na ukoo na majirani nikasema, "Huyu si mtoto wa mama yangu." Elisaria alinitazama. Akarudi nyuma, akachukua koleo, akafukia kaburi pamoja na vijana mpaka mwisho.

Nakiri hapa kwamba kaka yangu alikosea. Hakukosea kutoamini, hilo halikuwa juu yangu. Alikosea kuusema ukweli wake mahali pale na saa ile, mbele ya watu waliokuwa wameshikilia kamba moja tu. Yeye mwenyewe alikuja kuliona, na ndiyo maana miezi sita baadaye, Jumamosi ile, alifika kwangu na isale.

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, unaupanda mpakani mwa kihamba. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, hana haja ya kusema mengi. Na wewe uliyekosewa huna ruhusa ya kulikataa. Unaweza kununa, unaweza kumsema mpaka uchoke, lakini jani unalipokea na kesi imekwisha. Watu wameuana kwa ajili ya mashamba wakapatana kwa jani hilo. Wazee wetu walifanya hivyo kabla ya kanisa kuja, na kanisa lilipokuja waliendelea, Jumapili wako ibadani na Jumatatu wanapatanishwa kwa isale, na hakuna aliyeona tatizo. Tatizo niliona mimi.

Alisimama mlangoni, viatu vina matope, hakutaka kuchafua sakafu. Wanawake wakanyamaza. Akasema, "Dada, sikuja kuvuruga maombi yenu. Nimekuja kuomba msamaha kwa maneno yangu kaburini. Sikupaswa kusema vile siku ile. Nilikuumiza."

Nikamwuliza, "Umetubu? Umerudi kwa Bwana?"

"Hapana," akasema. "Hilo bado sina, na nikikuambia ninalo nitakuwa nakudanganya. Ningeweza kuja na Biblia nikaapa, ungefurahi, lakini mimi na wewe tungekuwa tumepatana juu ya uongo. Hili hapa nalijua, na wewe unalijua, na Mama alilijua. Ndiyo maana nimekuja nalo."

Akanyoosha mkono. Jani lilikuwa bado lina maji ya mvua. Nilijua kabisa maana yake, nimelelewa nalo. Na nakuambia ukweli, mkono wangu ulianza kwenda. Kisha nikakumbuka wale wanawake sita nyuma yangu, ambao mimi ndiye nilikuwa nawafundisha kuachana na mambo ya kimila. Nikachukua jani, nikachukua mkasi wangu wa kazi juu ya cherehani, nikalikata vipande vipande, vikaanguka kwenye matope miguuni pake. Nikasema, "Upagani hauingii nyumba hii. Atakayeingia hapa atapitia msalabani." Nyuma yangu mtu akasema ameni.

Kaka yangu aliinama, akaviokota vile vipande, vyote, akaviweka mfukoni mwa shati. Akaniambia, "Haya, Ndeshi." Akaondoka. Sikumsikia tena akiniita jina hilo.

Habari hazilali Arusha. Jumatatu alifika Mzee Anaeli, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, mtu mzima sana, mrefu, wa maneno machache, aliyekuwa amembeba baba yangu siku ya mazishi yake. Nilimwamkia shikamoo nikidhani amekuja kunipongeza, maana huo ndio upumbavu niliokuwa nao. Alikunywa chai yake yote kwanza.

"Mama Neema," alisema, "nimekuwa mzee wa kanisa tangu wewe hujazaliwa. Nimesikia watu wamekataa posa, wamekataa ubatizo, wamekataa hata kuzikana. Sijawahi kusikia mtu amekata isale."

Nikamwambia, "Mzee, yule hana Mungu. Atubu kwanza."

"Atubu nini? Alikuja kutubu. Alikukosea kwa maneno, akaja kuyatubia maneno. Wewe ulitaka atubu dhambi uliyomchagulia."

Nikaanza kumtajia mistari. Akainua kiganja, si kwa hasira, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. "Mistari hiyo ninaijua. Sikia. Mimi mwenyewe kuna miaka niliingia kanisani nikasimama pale mbele na sadaka mkononi, ndani yangu pakavu. Mke wangu alikuwa amekufa. Nilisema maneno yote, kila Jumapili, na hakuna aliyejua. Kaka yako alipopata ukavu huo alikuwa mkweli kuliko mimi, basi. Mungu akitaka kumpata atampata, hakukutuma wewe umfungie njia. Nenda Kijenge. Nenda wewe, kwa sababu yeye hawezi kuja tena."

Huo ndio utaratibu wenyewe. Aliyekataliwa isale hawezi kuirudia. Anayetakiwa kwenda ni yule aliyekataa.

Kutoka Kimandolu mpaka Kijenge hata kwa miguu si mbali. Nilimwambia mzee nitakwenda. Nikasema nitakwenda baada ya Krismasi. Kisha nikasema baada ya Pasaka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nangoja yeye aokoke kwanza, ili niende nikiwa mshindi. Nilimwombea kila siku, mwanangu, kwa machozi, na sikumtembelea hata siku moja. Ikapita miaka kumi.

Katika miaka hiyo binti yangu Neema alikua. Aliingia sekondari, fizikia ikamshinda, kisha ghafla ikaacha kumshinda. Nilijua kwa nini. Nilijua kwamba Jumamosi akiniambia anakwenda kusoma kwa rafiki yake, kwa kweli anakwenda kwa mjomba wake. Nilijifanya sijui, kwa sababu nilitaka afaulu na sikutaka kumshukuru mtu. Siku ya kipaimara chake tulichinja, tukapika, tukaalika mtaa mzima. Elisaria hatukumwalika. Neema alinitazama siku ile yote na gauni lake jeupe nililomshonea mwenyewe, na hakula keki.

Basi asubuhi moja Neema akaja mbio dukani kwangu Ngarenaro. Mjomba ameanguka darasani akiwa anaandika ubaoni. Kiharusi. Nilipofika wodini nilimkuta amelala, upande wa kushoto umekufa, mdomo umepinda, sauti haitoki. Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Macho yake yalikuwa yaleyale. Aliponiona yalijaa maji.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Nilikuwa na siku mbili. Daktari aliniambia wazi kwamba ni siku chache. Nilikuwa na siku mbili za kumwambia kaka yangu nisamehe. Nisamehe kwa jani, nisamehe kwa maneno yangu kaburini, nisamehe kwa kipaimara, asante kwa cherehani, asante kwa Neema. Hayo yote yangetosha nusu saa. Nilikaa pembeni ya kitanda kile siku mbili nzima na sikusema hata moja. Niliomba. Niliimba. Nilimsomea habari za moto na habari za yule mwizi msalabani. Nilimsihi. Siku ya pili, saa nne asubuhi, nikamshika ule mkono mzima nikamwambia, "Kaka, huwezi kusema, lakini unasikia. Kama unampokea Yesu, nibane mkono."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akafungua vidole vyake, kimoja kimoja, mpaka kiganja kikawa wazi juu ya shuka. Akafumba macho. Alifariki kabla ya saa saba mchana, na sikuwa nimemwomba msamaha.

Kwa utaratibu wa usharika wetu wakati ule, mtu aliyejitoa mwenyewe kanisani hazikwi na mchungaji, wala kengele haigongwi, isipokuwa akiwepo shahidi kwamba alitubu kabla ya kufa. Mzee wa kanisa ndiye anayeuliza na kuandika. Mzee Anaeli alikuja nyumbani, sasa anatembea na fimbo, akakaa, akafungua daftari lake.

"Ulikuwa naye mpaka mwisho," alisema. "Alitubu?"

Nilifikiria kaka yangu anazikwa kimyakimya kando ya mama, bila wimbo, watu wanasimama na mikono mifukoni. Nilifikiria wakwe zangu watasema nini. Nilifikiria na moto pia, na niliogopa kweli. Lakini chini ya yote hayo kulikuwa na kitu kingine, na leo nakitaja: nilitaka nionekane nimeshinda. Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Alinibana mkono."

Mzee Anaeli hakuandika mara moja. Aliniangalia, nikaangalia sakafu. Kisha akaandika polepole. "Nimeandika ulivyosema," akasema. "Hilo ni lako sasa." Hakulitaja tena mpaka naye akafa.

Ulikuwa msiba mkubwa. Kengele iligongwa, kwaya ikaimba, mchungaji akahubiri juu ya mwana mpotevu aliyerudi saa ya mwisho, watu wakanikumbatia. Kabla ya mwili kushushwa alinijia mwalimu mwenzake, Mwalimu Jumanne, Mwislamu mpole aliyefundisha naye miaka mingi. Alikuwa ameshika karatasi imekunjwa. Akanipa pole, akasema, "Mama, sikujua kwamba alirudi kanisani. Aliniachia hii mwaka jana. Aliomba isomwe siku akizikwa. Lakini naona mmeshapanga."

Nikamwambia, "Tumeshapanga."

Akairudisha mfukoni. Sijui iliandikwa nini. Baadaye nilisikia amehamishwa mkoa mwingine, na sikumtafuta, na sasa sijui hata kama yu hai. Kaka yangu alimnyang'anya dada yake faraja kwa dakika moja, akalijutia, akaja kuomba msamaha na viatu vya matope. Mimi nilimnyang'anya ukweli wake mbele ya kaburi lake mwenyewe, yeye akiwa hawezi kusema neno, na nikapewa pole.

Nimeishi na jambo hilo bila kumwambia mtu. Nimehudumu katika wanawake, nimefundisha kwaya, nimekuwa bibi. Bado naamini. Sitaki ufikiri nakuandikia haya kwa sababu imani yangu imepoa, wala sikuambii uache yako. Nasali asubuhi na jioni, na kila nikifika pale pa kusamehewa makosa yetu sauti inakwama.

Mwaka huu, kabla ya mvua, Neema alikuja kunitembelea. Ni mtu mzima, anafundisha fizikia kama mjomba wake. Tulikunywa chai. Nilikuwa namsuta kidogo, kama mama anavyosuta, kwamba wajukuu zangu siwaoni Sunday school. Akaweka kikombe chini.

"Mama, mimi nimeacha kuamini. Muda sasa. Sikutaka usikie kwa watu."

Akaendelea, taratibu, bila ukali wowote, na huo upole wake ndio ulionimaliza. "Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Nikifa kabla yako, utasema nilikubana mkono?"

Nikamwuliza anamaanisha nini.

"Nilikuwepo, Mama. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, na sare ya shule. Nilimwona mjomba akifungua vidole."

Alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa amelibeba jambo hilo mpaka akazaa watoto wake. Alinisikia nikitoa ushuhuda ule kanisani mara ngapi sijui, maana niliutoa mara nyingi, watu waliupenda. Kumbe kila nilipousimulia nilikuwa nakibomoa ndani ya mtoto wangu kitu ambacho nilidhani nakijenga. Sisemi aliacha kuamini kwa sababu yangu. Nilimwuliza, akasema hapana, si hivyo tu. Lile "tu" nimebaki nalo.

Nililia. Kisha nikamwambia, "Sitasema hivyo. Nitasema utakavyoniambia wewe. Kaa uniambie." Hakunikumbatia. Alinyanyuka akakusanya vikombe, akaviosha, akarudi akakaa. Tulizungumza mpaka jioni, na mara nyingi nililazimika kujiuma ulimi nisihubiri. Alipoondoka nilikwenda kwa mchungaji wetu wa sasa, kijana anayeweza kuwa mwanangu wa mwisho, nikamweleza yote, hata mkono. Jumapili nilisimama mbele ya watu nikasema ule ushuhuda haukuwa wa kweli. Wengine wamekasirika, wanasema nimemtia ndugu yangu motoni kwa mdomo wangu.

Sasa shika haya, mwanangu. Kama wewe unaamini, amini kwa moyo wako wote, lakini usiifanye imani yako kuwa kizingiti ambacho ndugu yako lazima akiruke ndipo umpende. Mtu asiyeamini akija kwako na jambo la kweli, lipokee kama lilivyo, usimwambie alete jingine analolipenda Mungu zaidi, kwa maana hujui Mungu anapenda nini kwa mtu yule. Akikuambia hana imani, usimtafutie sababu, usiseme amelogwa au ameumizwa au ana kiburi. Mwulize, halafu mwache amalize kujibu. Na akifa, mzike yeye, usimzike mtu uliyetamani awe.

Na kama wewe ndiye usiyeamini, na najua mko wengi siku hizi, na wengine mnanyamaza kwa kutuogopa sisi mama zenu, basi nawe usiwe mwepesi wa kumnyang'anya mwenzako anachoegemea siku ameanguka. Sema ukweli wako, ni haki yako, lakini angalia saa. Kaka yangu aliiangalia baadaye, akarudi. Ukikosea, rudi, hata ukikuta mlango una mtu kama mimi.

Na yeyote uliye, usingoje. Nilikuwa na miaka kumi, kisha nikawa na siku mbili, kisha nikawa na asubuhi moja. Kama kuna mtu uliyemkatia undugu kwa ajili ya mbingu, au kwa kuwa unaona mbingu haipo, weka chini unachokifanya sasa hivi uende. Ukifika, omba msamaha kwanza. Mambo ya Mungu mtayazungumza baadaye, kama yeye atapenda.

Mungu ninayemwamini akubariki, mwanangu, akulinde utokako na uendako, akupe watu wa kukusikiliza ukiwa hai. Na kama wewe humwamini, ichukue baraka hii hivyohivyo, ni mama mzee tu wa Kimandolu anakutakia mema. Sitakuomba unibane mkono.